Gundi ya Maziwa

Kingstanding, Jumamosi, 2 Septemba 2006

Nimenunua daftari hili kwa sababu haya niliyo nayo rohoni nikimwambia mtu wa kanisani leo, kufikia kesho kwaya nzima itakuwa inayaimba.

Jambo lenyewe ni hili: mume wangu anataka kurudi Kisii. Si kwa likizo. Kurudi kabisa. Ndugu yake Cleopas amempatia nafasi ya karakana pale Daraja Mbili, karibu na soko, na mwenye jengo amekubali kungoja mpaka mwisho wa Desemba. Barnabas aliniambia jana nikivua viatu vya kazi, kama mtu anayesema sukari imeisha. "Mama Mark, nikimaliza lile bawa, mimi naenda nyumbani. Wewe maliza miaka yako ya pensheni, utanikuta huko."

Miaka yangu ya pensheni imebaki kumi na mmoja! Nilisonga ugali ukawa mgumu kama tofali, na yeye akaula wote akasema asante.

Jumapili, 3 Septemba

Mwanangu Mark akilipata daftari hili siku moja, hataelewa habari za bawa. Yuko chuo huko Leeds na simu zake ni za dakika mbili. Basi nieleze.

Bawa ni la ndege. Ndege ya kivita ya Waholanzi, aina ya Fokker, ya kabla tu ya Vita Vikuu vya Pili. Wajerumani walipoingia Uholanzi mwaka 1940, mapigano yalikwisha kwa siku tano, na ndege nyingi zikateketea. Sasa kuna jumba la makumbusho huko kwao linataka moja isimame tena. Mabawa yake ni ya mbao, na siku hizi mafundi wa mbao za namna hiyo ni wa kutafuta kwa tochi. Bawa la kushoto limeangukia Saltley, hapa mjini kwetu, katika karakana iliyo nyuma ya duka la matairi, mikononi mwa wazee sita wastaafu wakiongozwa na Kalasinga mmoja, Sukhdev.

Sukhdev alizaliwa Kisumu. Alikuwa kwenye basi la Soho Road akimsikiliza Barnabas akibishana na Cleopas kwa simu kuhusu jinsi ya kuunga fremu ya mlango. Akageuka na kofi la bega: "Bwana, wewe iko fundi kweli, ama iko mdomo tu?" Tangu siku hiyo mume wangu Jumatatu hadi Jumatano yuko ghalani anapakia vifurushi vya watu, na siku zilizobaki ni mume wa ndege.

Na ndege yenyewe haitaruka! Nimeuliza mara mbili. Itasimama ndani ya nyumba, watu waiangalie.

Jumanne, 12 Septemba

Nami nimeingizwa. Gundi ya enzi hizo ilitengenezwa kwa maziwa, na makumbusho wanataka kila kitu kifanywe kama kilivyofanywa wakati huo. Wale wazee walijaribu wenyewe, wakaunguza sufuria mbili, jirani akadhani kuna kitu kimekufa. Barnabas akadakia: "Mke wangu amekulia kwenye maziwa." Ni kweli, mama yangu alikuwa na ng'ombe watano kule Nyamache na mimi ndiye niliyekuwa mkamuaji. Lakini ungeniuliza kwanza, Baba Mark.

Kazi yenyewe iko hivi. Unanunua maziwa ya kifuniko chekundu, yaliyotolewa mafuta yote. Ya kifuniko cha bluu usiguse, yana mafuta, na mafuta ni adui wa gundi. Hilo nimehubiriwa mpaka masikio yameota sugu. Unayapasha moto kidogo, unatia siki, yanakatika. Unachuja kwa kitambaa, unayaosha yale mabonge maji manne, unakamua, unakausha, unasaga. Unga huo Sukhdev anauchanganya na chokaa na magadi kule karakana. Jikoni kwangu sasa kunanuka kama bega la mtu aliyecheulisha mtoto.

Jumamosi, 16 Septemba

Nilikuwa sina zamu ya hospitali, nikaenda Saltley kuona maziwa yangu yanafanya nini.

Kila Jumamosi wana mtihani. Wakati wa wiki wanapounganisha mbao za bawa, wanaunganisha pia vipande viwili vya pembeni kwa gundi ile ile, mkono ule ule. Jumamosi vipande hivyo vinabanwa kwenye jiliwa, halafu nyundo. Mbao ikipasuka, gundi imeshinda. Lakini ikiachia pale palipopakwa gundi, kila kilichounganishwa wiki hiyo kinabomolewa.

Sukhdev alipiga. Mbao ikapasuka katikati kwa mlio wa kuni kavu, na mstari wa gundi haukutikisika. Wale wazee walishangilia utadhani ni goli. "Mama Mark! Hii maziwa yako kali sana!"

Nilichokwenda kuona nimekiona, na nimeona kingine. Barnabas akiwa pale si yule anayekaa kwenye kochi langu akiwa na koti, kama mgeni anayengoja kuitiwa teksi. Alikuwa na penseli sikioni. Mzee mmoja wa Kizungu, amefanya kazi ya mbao miaka arobaini, alimletea ubavu wa bawa aukague, na Barnabas akauinua kwenye mwanga, akafumba jicho moja, akatikisa kichwa, akamrudishia. Mzee wa watu akaenda kurudia. Nikasema moyoni, kumbe bado upo! Huyu ndiye niliyeolewa naye, yule aliyetengeneza milango ya benki Kisii mjini na watu wakaenda benki kuangalia milango.

Jumamosi, 23 Septemba

Mbao imepasuka.

Jumamosi, 30 Septemba

Mbao imepasuka. Mvua tangu Jumatano.

Alhamisi, 5 Oktoba

Nimetoka zamu miguu imevimba, nikakuta ameniwekea maji ya moto kwenye beseni. Ameelekeza tu kwa kidole. Sasa mtu kama huyu unamwachaje aende?

Jumamosi, 7 Oktoba

Mbao imepasuka. Sukhdev ameleta mithai kutoka Handsworth, nimekula nne.

Jumapili, 15 Oktoba

Bawa lina mbavu ishirini na mbili. Kumi na moja zimekamilika. Barnabas amenichorea kwenye bahasha jinsi zinavyopangika, kuanzia ile kubwa ya kiunoni hadi ile ndogo ya nchani. Alieleza kwa raha, mkono wake juu ya wangu, nami nilikuwa nahesabu. Mbavu mbili kwa wiki, kisha kulivika mbao nyembamba. Mwanzoni mwa Desemba bawa litakuwa limekwisha.

Na ni nani anayemharakisha? Ni mimi. Gundi ingekuwa mbaya, wangekuwa bado wako kwenye ubavu wa tatu. Ninampikia mume wangu safari, kwa sufuria yangu mwenyewe.

Jumamosi, 28 Oktoba

Mbao imepasuka. Cleopas amepiga simu, amepaka karakana rangi ya kijani. Nani alimtuma?

Alhamisi, 9 Novemba

Nilimwuliza leo, kwa sauti ya mzaha, "Na huko Kisii utapikiwa na nani?" Akasema, "Nitajipikia. Wewe huku unajiweza, Mama Mark. Umeme ni jina lako, nyumba ni jina lako, gari unaendesha mwenyewe. Mimi ni wa kumfungulia mlango mtu wa posta."

Nilitaka kusema kitu. Badala yake nikamwambia ajifunze kuosha masufuria basi. Mdomo wangu huu!

Jumatatu, 13 Novemba

Niandike tu, maana nisipoandika nitapasuka.

Leo asubuhi nilisimama mbele ya friji za supamaketi na nikachukua chupa sita za maziwa. Vifuniko vya bluu. Sikukosea. Mkono ulikwenda kwa nyekundu, nikaurudisha. Nimeyapasha, nimeyakatisha kwa siki, nimeyaosha maji mawili tu. Unga umetoka na unjano kidogo, na ukiusugua vidoleni unateleza. Nikauweka kwenye mkebe ule ule, nikaandika tarehe, na Barnabas alipotoka kazini akaubeba akasema, "Asante, mke wangu."

Nilijiambia ni wiki mbili tu nitakuwa nimezipata. Labda tatu. Labda mwenye jengo achoke kungoja.

Jumatano, 15 Novemba

Zamu ndefu. Nimechanganya majina ya wagonjwa wawili, sista mkuu akaniuliza kama naumwa.

Jumamosi, 18 Novemba

Gundi imeachia.

Nilijikaza nikaenda, kwa sababu kutokwenda kungekuwa kujishtaki. Sukhdev alibana vipande, akapiga, na vikaachana kirahisi, safi kabisa, huku kimoja na huku kingine, mbao haina hata mkwaruzo. Sukhdev akabana sampuli ya pili. Ikaachia. Akaweka nyundo chini polepole, akavua miwani akaifuta kwa ncha ya kilemba.

Wiki hii walikuwa wameongeza kasi. Mbavu tatu! Zote za kubomoa.

Nilidhani wataniuliza mimi. Nilikuwa na uongo wangu tayari mdomoni, kwamba labda duka lilibadilisha maziwa. Hakuna aliyeniangalia. Barnabas alichukua vile vipande akavigeuza-geuza, kisha akaiangalia mikono yake, mbele na nyuma. Akasema kwa Kiingereza ili wote wasikie, "Ni mimi. Sikubana sawasawa. Mikono yangu imezoea maboksi." Sukhdev akamwambia kwa Kiswahili, "Hapana wewe. Pengine baridi. Hii karakana baridi sana." Lakini Barnabas alikuwa ameshaitoa ile penseli sikioni, ameiweka mezani.

Nyumbani hakula. Akakaa kwenye kochi na koti lake. Saa kumi na moja akampigia Cleopas simu, nikamsikia akiuliza kama mwenye jengo anaweza kumpokea mapema, hata wiki ijayo, kwa sababu, ninaandika alivyosema, "Mimi huku nimekwisha, Cleopas. Hata ile moja niliyokuwa najua nimeipoteza."

Ee Mungu. Nilitaka kumfunga mguu, nimemkata mikono.

Jumapili, 19 Novemba

Baada ya ibada nilimvuta Annonciata nyuma ya jiko la kanisa, nikamweleza. Annonciata ni wa Bukavu, amepitia mambo ambayo mimi nayaona kwenye televisheni, kwa hiyo nilitegemea atanihurumia. Alicheka mpaka akashika meza. Halafu akanikazia macho. "Mais dada, unalilia nini? Bwana yako iko, hayaenda bado. Enda umwambie. Akikasirika, akasirike na weye, asikasirike na mikono yake."

Na nikimwambia ndipo ataondoka kweli. Nani anakaa na mwanamke wa namna hii?

Jumanne, 21 Novemba

Nimemwambia.

Alirudi kutoka ghalani saa kumi jioni. Nilikuwa nimeweka mezani vifuniko sita vya bluu, nilikuwa nimeviokota kutoka pipani. Nikasema, "Baba Mark, kaa." Akakaa. "Mikono yako haina kosa. Ni maziwa. Niliweka ya mafuta."

Akaangalia vifuniko. "Ulikosea?"

"Sikukosea."

Akavipanga mstari mmoja mezani, kimoja kimoja. "Kwa nini?"

Nilikuwa nimejiandalia hotuba. Ilipotea yote. Nilisema, "Kwa sababu bawa likiisha unaenda." Kisha nikaanza kulia, na mimi nikilia si mzuri, kamasi na yote.

Alisimama akatoka. Bila koti! Barnabas bila koti, Novemba! Alirudi baada ya saa moja, amelowa chapachapa, akaoga, akalala.

Jumatano, 22 Novemba

Hajasema kitu.

Alhamisi, 23 Novemba

Hajasema kitu. Mvua.

Ijumaa, 24 Novemba

Amesema, "Chumvi." Nikampa.

Jumamosi, 25 Novemba

Nimeenda Saltley peke yangu, kwa basi, kabla yake. Nimegundua hakuwaambia. Siku zote tatu alizokwenda huko wiki hii, Jumatano jioni, Alhamisi na jana, amewaacha waamini ni mikono yake.

Hilo lilinikata maini. Nikasimama mbele ya wazee sita na lile bawa lililofunuliwa mbavu, nikasema yote kwa Kiingereza changu cha wodini. Kwamba gundi niliiharibu mimi, makusudi, na kwa sababu gani, na kwamba Barnabas hajawahi kukosea kubana kitu maisha yake yote.

Mzee mmoja alikasirika na ana haki, alikuwa ametumia siku nne kwenye ubavu uliobomolewa. Alitoka nje kuvuta sigara. Sukhdev alijikuna ndevu. "Mama Mark, Kisumu mimi najua mama moja nachoma viatu ya bwana yake asiende Uganda. Viatu mpya, ya ngozi. Hii yako afadhali, hii iko kwa maji moto natoka." Akanipa patasi na ndoo. "Sasa wewe safisha."

Barnabas aliingia nikiwa nimepiga magoti nakwangua. Sukhdev alimwambia neno mlangoni, sikulisikia. Alikuja akachukua patasi nyingine, akapiga magoti upande wa pili wa ubavu. Tulikwangua hivyo hadi karibu na chakula cha mchana.

Kisha akasema, bila kuniangalia, "Miaka mitano niko nchi hii. Nilifikiri nikiondoka utafurahi umepata nafasi ya nguo kabatini."

Nikamwambia, "Wewe ni mjinga."

"Hukuwahi kusema usiende."

"Ulikuwa umeshaamua!"

"Nilikuwa nimeshaamua kwa sababu hukusema." Akapuliza vumbi la gundi. "Ukakaa kimya, halafu ukaenda kupigana na ndege."

Nikamwambia basi, hapo hapo, magotini, mikono imejaa uji mweupe. Nikasema, usiende. Nakupenda na sitaki uende. Nyumba ni jina langu lakini nikiingia na hupo inakuwa ya nani? Nilisema kwa Ekegusii ili wale wazee wasijue, lakini Sukhdev aligeuka akaanza kupanga misumari iliyokuwa imeshapangwa.

Barnabas alinitoa kipande cha gundi kwenye nyusi kwa kidole gumba. Baadaye, tukienda kwenye basi, akasema, "Kesho nunua maziwa. Nyekundu."

"Bado utaniachia mimi hiyo kazi?"

"Kuna mwingine?"

Jumamosi, 2 Desemba

Mbao imepasuka. Nimetoka nje kupumua.

Alhamisi, 7 Desemba

Sina zamu. Nimeosha mabonge maji saba, ingawa manne yanatosha. Barnabas anashinda Saltley kuanzia alfajiri, ameomba ruhusa ghalani. Habari za Kisii hazijatajwa, upande wowote. Mimi nimeshasema langu, sirudii. Namtazama tu akinyoa.

Jumatano, 13 Desemba

Mtu wa makumbusho amefika kutoka Uholanzi kukagua. Anaitwa Gertrude, mama wa makamo, mrefu, viatu vya matope, hana maneno mengi. Sukhdev alikuwa amemchagulia sampuli nzuri kwenye sahani kama biskuti. Hakuitaka. Alikwenda mwenyewe kwenye rafu, akachukua ya mwisho kabisa, ya wiki hii, akabana, akaomba nyundo.

Nilimshika Barnabas mkono. Ulikuwa umetulia kuliko wangu.

Gertrude alipiga mara moja. Haikupasuka. Akapiga tena kwa nguvu, na mbao ikapasuka vibaya, kipande kikaruka hadi mlangoni, na gundi ikabaki imeng'ang'ania pande zote mbili. Gertrude aliinama akaangalia mstari ule kwa lenzi. Akauliza nani ametengeneza gundi. Barnabas akasema, "Mke wangu," akanisukuma mbele, jamani, mbele ya watu, na mimi nimevaa aproni.

Gertrude alinipa mkono. Akauliza kama tulipata taabu yoyote. Wazee sita wakaangalia dari. Sukhdev akamjibu kwa Kiingereza safi kabisa kwamba kulikuwa na wiki moja ya baridi.

Ijumaa, 15 Desemba

Lori limelichukua bawa. Mbavu ishirini na mbili, limevikwa mbao nyembamba juu na chini, limefungwa mablanketi kama mgonjwa. Barnabas alitembea nyuma ya lori mpaka kona ya Alum Rock Road. Aliporudi alifagia karakana yote peke yake, na hakuna aliyemzuia.

Jumamosi, 16 Desemba

Leo hakuna mtihani. Ni Jumamosi ya kwanza tangu Septemba. Barnabas aliamka mapema kwa mazoea, akavaa, akakaa kitandani akavua. Sijui atafanya kazi gani sasa. Sukhdev anasema Waholanzi wana mengine, lakini Sukhdev anasema mengi.

Nilipandisha kapu la nguo zilizokauka. Nikiwa katikati ya ngazi nikamsikia jikoni na simu. Ilikuwa Cleopas. Nikasimama.

Barnabas alisikiliza kwanza, ndiyo, ndiyo, rangi ya kijani, ndiyo. Halafu akasema taratibu, na nilisikia kwamba imemgharimu: "Hapana, Cleopas. Mpe mtu mwingine. Mwambie mwenye jengo asante."

Cleopas alipiga kelele, nilimsikia mpaka kwenye ngazi. Barnabas akamwacha amalize.

"Sababu? Sababu ni mke wangu. Nikimwacha huku peke yake, huyu ataharibu ndege za watu."

Nilikaa pale pale kwenye ngazi, juu ya mashati yake safi, nikalia nikicheka, na yeye akawa bado anamweleza Cleopas habari za maziwa.